Mwamba mmoja, nje na ndani: jinsi ya kuyasoma magenge ya Guadalupe na mapango ya Carlsbad

Wageni wengi huzitembelea hifadhi za taifa za Guadalupe Mountains na Carlsbad Caverns kama mahali pawili pasipohusiana. Ya kwanza iko magharibi ya Texas, na watu huenda huko kupanda mlima. Ya pili iko ng'ambo ya mpaka wa jimbo, New Mexico, na watu huenda kushuka pangoni. Kutoka kituo cha wageni cha moja hadi cha nyingine ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Kiutawala ni hifadhi mbili kweli, lakini mwamba ni mmoja. Ulijengwa baharini na viumbe hai miaka milioni 260 na ushei iliyopita, ukafunikwa, ukainuliwa, kisha ukafunuliwa tena. Guadalupe inakuonyesha mwamba huo kwa nje, Carlsbad kwa ndani. Ratiba nyingi za watalii huanza na pango kwa sababu ndilo lenye jina. Sisi tunashauri uanze na magenge, kwa kuwa pango linaeleweka vizuri zaidi ukishajua limechimbwa ndani ya kitu gani.

Kuna mambo matatu yanayowachanganya watu hapa. Wanadhani mwamba huu ulijengwa na matumbawe, wanadhani kuta zote za mlima zilitokea kwa namna moja, na wanadhani pango lilichimbwa na mto. Yote matatu si kweli, na kila moja lina ushahidi unaoweza kuuona kwa macho yako ukiwa njiani.

Bahari iliyokuwa jangwani

Katika kipindi cha Permi, ndicho kipindi mwamba huu ulipojengwa, mabara yalikuwa yameungana kuwa bara moja kubwa, Panjea, na eneo hili lilikuwa karibu na ikweta kwenye ukingo wake wa magharibi. Palikuwa na bahari ya ndani, leo inaitwa Bahari ya Delaware, iliyounganishwa na bahari kuu kwa mlango mwembamba. Kuizunguka, mahali maji ya kina kifupi yalipokutana na kilindi, ukajengeka mwamba wenye umbo la kwato, urefu wake karibu kilomita 640. Wanajiolojia wanauita Capitan. Sehemu kubwa yake bado imelala chini ya ardhi. Unajitokeza juu mahali patatu tu: milima ya Guadalupe, Apache na Glass, na Guadalupe ndiko unakoonekana vizuri kuliko kwingine kote.

Msomaji aliyekulia Mombasa, Wasini au Unguja ana mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ardhi anayoikanyaga nayo ni mwamba wa bahari uliobaki nchi kavu. Kuta za Gede na za nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe yake. Ila mwamba wa pwani yetu ni kijana, wa miaka laki moja na robo hivi kwa sehemu kubwa inayoonekana, na wajenzi wake wakuu ni matumbawe. Huko Capitan matumbawe yalikuwa machache. Kazi ilifanywa na sponji wa bahari wenye mifupa ya chokaa, mwani, viumbe wadogo wa kuishi makundi wanaoitwa briozoa, na vijidudu vilivyosababisha chokaa kuganda palepale majini. Saruji hiyo ya asili ilijaza nafasi zote kati ya sponji, na ndiyo iliyoufanya mwamba kuwa mgumu kiasi cha kubaki wima hadi leo. Kwa hiyo usitafute matawi ya matumbawe kwenye mawe ya Guadalupe. Tafuta mirija na miduara ya sponji, kingo zilizopindapinda za mwani ulioganda tabaka juu ya tabaka, na vipande vya mashina ya maua-bahari (wanyama wa bahari wenye umbo la ua) vyenye umbo la pete.

Mwisho wa bahari ndio unaoeleza mengi ya yanayofuata. Mlango wake uliziba, maji mapya yakapungua, jua likaendelea kukausha. Kwanza ikatua jasi, kisha chumvi, hadi bonde lote likajaa na mwamba wenyewe ukafunikwa. Jasi hiyo, tabaka linaloitwa Castile, unaweza kuiona bila kutembea hata hatua mia: kwenye mkato wa barabara ya 62/180 karibu na mpaka wa Texas na New Mexico kuna ukuta wenye mistari myembamba, mweupe na mweusi kwa zamu, milimita chache kila mmoja. Wengi wa waliouchunguza wanauhesabu kila mstari mweupe na jirani yake mweusi kuwa mwaka mmoja, na Castile nzima ina zaidi ya laki mbili ya jozi hizo. Ukisimama hapo, egesha gari mbali kabisa na lami, maana malori ya visima vya mafuta hupita kwa kasi sana.

Kuta mbili, sababu mbili

Katika miaka milioni 20 hadi 30 iliyopita ardhi ya upande huu wa Marekani ilivutwa na kupasuka, na bonge la Guadalupe likainuka huku bonde la magharibi yake likididimia. Mvua ikaanza kazi. Jasi na chumvi huyeyuka upesi kuliko chokaa, kwa hiyo vilivyoufunika mwamba vikaondoka na mwamba ukabaki. Hapa ndipo tofauti ya kuta inapotokea, na vitabu vingi vya watalii huiruka.

Ukuta wa kusini-mashariki, ule unaofuatana na barabara kuelekea Carlsbad, ni mteremko wa mwamba wenyewe, karibu kama ulivyokuwa chini ya bahari. Ukisimama penye mdomo wa korongo la McKittrick umesimama kwenye kilindi cha zamani. Juu yako, mita mia kadhaa, ndiko mawimbi yalikopiga. Ukuta wa magharibi ni kitu kingine. Huo umekatwa na nyufa za ardhi, na mkato unaonyesha matabaka kwa ubavu. El Capitan, lile genge la mita 2,464 linalotokeza kusini, liko mahali pande hizo mbili zinapokutana. Juu ni chokaa ya mwamba, ukuta wa mita 300 hivi usio na mistari. Chini yake ni miteremko ya mawe ya mchanga ya kahawia yaliyotua kilindini kabla ya mwamba kusogea juu yake. Mahali pazuri pa kuliangalia ni kwenye maegesho ya kando ya barabara kusini ya Pine Springs, penye kituo cha wageni cha Guadalupe, alasiri, mwanga unapotoka magharibi.

Njia ya kujifunzia ni Permian Reef Trail, ndani ya McKittrick. Ni kilomita 13.5 kwenda na kurudi, na kupanda mita 610. Ina vigingi vyenye namba vinavyokwenda pamoja na kitabu cha mwongozo wa jiolojia. Ulizia kitabu hicho kituo cha wageni kabla ya kwenda, kwani bila hicho vigingi havikwambii lolote. Unachokifanya kwenye njia hii ni kupanda kutoka sakafu ya bahari hadi kwenye wangwa.

Chini kabisa ni mawe membamba, meusimeusi, ya kilindi. Kisha njia inaingia kwenye miteremko ambayo matabaka yake yameinama kwa nyuzi 30 au zaidi kuelekea bondeni. Usidhani yaliinamishwa na tetemeko: hayo ni mabonge na vifusi vilivyomeguka juu ya mwamba na kuporomoka, yakatua kwa mwinamo huohuo. Ukiangalia kwa makini utaona bonge ndani ya bonge, na sponji waliolala kichwa chini. Zaidi juu, mistari inatoweka. Jiwe linakuwa moja, la kijivu, lisilo na tabaka. Hapo umeingia kwenye mwamba wenyewe, na watu wengi hupita wakiwa wanahema bila kujua. Simama, mwagia jiwe maji kidogo ya kunywa, na visukuku ambavyo havikuonekana vitajitokeza, kwa sababu jiwe lililolowa hutoa rangi zake. Ukifika juu mistari inarudi, safari hii ikiwa tambarare. Hiyo ni wangwa ya nyuma ya mwamba, yenye maji ya kina kifupi na chumvi nyingi, iliyoacha punje za mviringo za chokaa na matabaka yaliyojikunja kuelekea juu kama paa la nyumba. Njiani utaona pia fusulinidi, viumbe vya seli moja wenye umbo la punje za mchele. Wanajiolojia huwatumia kupima umri wa jiwe kwa kuwa aina zao zilibadilika haraka.

Umuhimu wa mahali hapa umetambuliwa rasmi. Mwaka 2001 sehemu tatu ndani ya hifadhi zilipitishwa kuwa vipimo vya dunia nzima vya mwanzo wa enzi tatu za Permi: Roadi, Wordi na Capitani. Mwanajiolojia wa China au Urusi anayeandika juu ya enzi hizo analinganisha mawe yake na ya hapa.

Anayetaka kilele atapanda Guadalupe Peak, mita 2,667, mahali pa juu kuliko pote Texas. Njia ni kama kilomita 13.7 kwenda na kurudi, inapanda mita 900 na zaidi, na huchukua saa sita hadi nane. Jiwe la kileleni ni la mwamba uleule. Lakini kwa kujifunza, McKittrick inaishinda.

Makosa yanayowaumiza watu huku ni machache na yanajirudia. Maji ndiyo la kwanza: beba lita nne kwa mtu kwa siku, kwa sababu juu hakuna, na maji ya kijito cha McKittrick hayaguswi, yanalindwa. Upepo ni la pili, na wageni kutoka nchi za joto hawautarajii. Majira ya baridi na ya kuchipua upepo wa kupita kilomita 130 kwa saa si ajabu. Ukitangazwa, kilele kiache, nenda chini ya korongo. Kuanzia Julai hadi Septemba radi na mvua za alasiri huja ghafla, kwa hiyo uwe umeshashuka kabla ya saa sita mchana. Lango la McKittrick hufungwa jioni, na gari lililobaki ndani halitoki hadi asubuhi. Ndani ya hifadhi hakuna mafuta wala chakula cha kununua. Jaza tanki El Paso, Van Horn au mji wa Carlsbad. Na visukuku havichukuliwi, hata kipande kilichoanguka chenyewe; ni kosa la jinai kwenye hifadhi zote za taifa za Marekani.

Neno kwa wasomaji wetu wanaoishi Dallas, Houston au kwingineko Marekani bila uraia: kwenye barabara ya 62/180 mashariki ya El Paso kuna kizuizi cha polisi wa mpaka. Beba kadi yako ya ukaazi au pasi yenye viza, siyo picha yake kwenye simu.

Asidi iliyotoka chini

Mapango mengi duniani yana historia moja. Mvua huchukua hewa ya ukaa kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu, inapenya kwenye nyufa za chokaa na kuzipanua, na mara nyingi mto unaingia na kumalizia. Ukiingia Carlsbad ukiwa na picha hiyo kichwani, kila kitu kitakuwa kigeni. Hakuna kitanda cha mto. Hakuna kokoto. Vyumba ni vikubwa mno, kisha vinaishia ukutani ghafla. Chumba kikuu, Big Room, kina zaidi ya mita za mraba 33,000, na hakuna mto uliowahi kukipitia.

Kilichotokea ni hiki. Chini ya bonde la Delaware kuna mafuta na gesi, yaleyale yanayochimbwa mpaka leo. Bakteria waliyatumia mafuta hayo pamoja na jasi ya Castile kama chakula, na mabaki yao yakawa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi ikapanda kupitia nyufa hadi ndani ya mwamba. Ilipokutana na maji ya juu yenye oksijeni, ikageuka asidi ya salfuriki, ile iliyomo kwenye betri ya gari. Asidi hiyo ilikula chokaa kwa kasi, pale tu gesi na oksijeni vilipokutana, yaani karibu na usawa wa maji ya ardhini. Ndiyo sababu vyumba ni vipana na vinakoma ghafla: palipoishia mchanganyiko, pango nalo likaishia.

Ushahidi wake haujafichwa. Chokaa ikiliwa na asidi ya salfuriki huacha jasi, na kwenye njia ya Big Room utayaona mabonge meupe ya jasi, mengine yametobolewa mashimo wima na matone. Katika mapango ya jirani kuna hata salfa ya manjano. Asidi hiyohiyo iligusa udongo wa mfinyanzi na kuzaa madini ya alunaiti, ambayo yana potasiamu, na potasiamu ina njia ya kupimwa umri. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kuwa mapango ya juu milimani yana miaka milioni 11 hadi 12, na Big Room milioni 4 hivi. Mpangilio huo unaeleweka: mlima ulipoinuka, usawa wa maji ulishuka ukilinganisha na mwamba, na asidi ikahamia ghorofa ya chini. Mwamba una miaka milioni 260, pango milioni 4. Ukiulizwa umri wa Carlsbad, uliza kwanza ni umri wa kipi kati ya hivyo viwili.

Mapambo ni kazi ya tatu, na ya karibuni zaidi. Pango lilipokauka, maji ya mvua yakaanza kupenya taratibu yakiwa yamebeba chokaa kidogo. Tone likifika kwenye hewa ya pangoni hupoteza hewa ya ukaa, na chokaa hubaki. Ikibaki darini inaning'inia, ikibaki sakafuni inasimama, zikikutana ni nguzo. Mengi ya haya yalikua zama za barafu, wakati eneo hili lilikuwa na mvua nyingi kuliko leo. Sasa sehemu kubwa ya pango imekauka, kwa hiyo kilichovunjwa hakioti tena kwa kipimo chochote cha maisha ya mtu. Kugusa nako ni kuharibu: mafuta ya vidole huzuia chokaa kushika na kuacha doa jeusi.

Kushuka

Kuna njia mbili za kufika Big Room. Lifti inashuka mita 229 kwa dakika moja. Njia ya mlango wa asili ni kilomita 2 na inashuka kimo hichohicho kwa mikunjo mikali. Ukiwa na magoti mazima, shuka kwa miguu na upande kwa lifti. Sababu ni ya kijiolojia: mlangoni unapita kwenye matabaka tambarare ya wangwa, na kadiri unavyoshuka mistari inapotea ukutani mpaka unaingia kwenye mwamba usio na tabaka. Ni lile jiwe la McKittrick, safari hii kwa kushuka. Anayetumia lifti hulikosa badiliko hilo. Lifti za hapa zimewahi kuharibika zaidi ya mara moja, basi angalia tovuti ya hifadhi asubuhi ya siku yenyewe, maana ikiwa hazifanyi kazi kila mita uliyoshuka utaipanda.

Weka nafasi mapema kupitia Recreation.gov. Nafasi imekuwa dola 1 kwa muda maalumu wa kuingia, na kiingilio, ambacho kimekuwa dola 15 kwa mtu wa miaka 16 na zaidi, hulipwa kando. Angalia saa yako: hifadhi zote mbili hutumia saa za El Paso na New Mexico, ilhali sehemu kubwa ya Texas iko saa moja mbele, na simu hurukaruka ukiwa barabarani. Aliyetoka Van Horn bila kulijua hilo hufika saa nzima mapema, na anayerudi hukuta saa imepotea. Mlango wa asili hufungwa mapema alasiri kwa wanaoshuka, kwa hiyo panga kuingia asubuhi.

Ndani ni nyuzi 13 mwaka mzima, na unyevu ni mwingi. Koti jepesi na viatu vyenye soli ya kushika vinatosha, ndara hapana. Njia ya kuzunguka Big Room ni kilomita 2, imewekwa lami na taa, na sehemu yake inapitika kwa kiti cha magurudumu. Vigari vya watoto haviruhusiwi, beba mtoto mgongoni au kifuani. Tenga saa mbili na nusu hadi tatu kwa njia zote mbili.

Kinywaji kinachoruhusiwa ni maji matupu, na katazo la chakula lina sababu nzito. Septemba 2024 hifadhi ilieleza yaliyotokea baada ya mfuko wa vitafunwa vya mahindi kudondoshwa Big Room: unyevu ulivilainisha, kuvu ikaota, nyenje wa pangoni, utitiri, buibui na nzi wakakusanyika, na kuvu ikaanza kusambaa kwenye mawe ya jirani. Hata nyuzi za nguo na nywele zinazotudondoka ni tatizo. Hujilundika kando ya njia, na watu wa kujitolea huja kuziokota kwa brashi na kibano. Sarafu zilizotupwa kwenye vidimbwi huchafua maji ambayo hayana pa kutokea. Ukiwa na tabia ya kutupa sarafu kisimani kwa kuomba heri, iache nje.

Pango la Lechuguilla, lililofunguka kwa wachunguzi mwaka 1986 na sasa limepimwa zaidi ya kilomita 240, liko ndani ya hifadhi hii hii lakini halifunguliwi kwa wageni. Huko ndiko jasi na salfa zimebaki kama asidi ilivyoziacha, na wanaoingia ni watafiti na wapimaji wenye kibali.

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba baki mpaka jioni. Popo laki kadhaa, wa aina inayohama kwenda Meksiko majira ya baridi, hutoka mlangoni kwa mzunguko wakielekea kuwinda wadudu. Kuwatazama ni bure. Simu, kamera na kila kifaa cha umeme huzimwa na kuwekwa mbali, kwa kuwa mwanga na sauti zake huwasumbua popo.

Popo hao hao ndio sababu ya sharti la mwisho, linalowahusu hasa waliozoea mapango. Ugonjwa wa kuvu unaoitwa pua nyeupe umeua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini, na vijimbegu vyake husafiri kwenye nyayo na nguo. Viatu, mkoba au tochi iliyowahi kuingia pango jingine, hata kama ni Amboni kule Tanga miaka iliyopita, iache nyumbani. Mtumishi wa hifadhi atakuuliza kabla hujashuka; mjibu ukweli, na ukitoka kanyaga mazulia yenye dawa yaliyowekwa mlangoni.